Vita vya Chumba cha Nyuma

Wateja walimwita kinyozi yule Admirali, na jina lilimkaa. Akishika wembe tu, anakueleza namna ya kuiteka Bahari ya Pasifiki nzima: visiwa vidogo unaviruka, unakwenda moja kwa moja makao makuu ya adui. Wateja walitikisa vichwa kukubali, jambo la hatari kwa mtu anayenyolewa.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kwenye meza ya mchezo wa vita vya baharini iliyojaza chumba cha nyuma, mkewe alimchapa kila Jumapili. Mke alikuwa mtunza stoo, hana habari na ushujaa. Alingoja manowari za mumewe zifike mbali, kisha akazamisha meli zake za mafuta, na uvamizi wote ukakwama katikati ya maji.

Jumapili hii palikuwa na dau. Mke alitaka chumba hicho apewe mama yake, aliyekuja kuwatembelea na ambaye nyumbani kwake aliishi peke yake. Admirali aligoma katakata. Wakakubaliana mshindi ndiye aamue. Mama hakuambiwa kitu.

Admirali akaanza kwa mbwembwe, manowari zote mbele. Mama mkwe, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, akachungulia ramani.

"Baba, hizi za mafuta mbona umeziacha bila mlinzi? Si atazizamisha zote?"

"Mama, usimfundishe!" mke akaruka.

"Ubaya uko wapi? Mtoto wa watu anaonewa kila wiki."

Admirali akarudisha manowari kadhaa zisindikize mafuta. Mke akashambulia, akaambulia patupu. Zamu iliyofuata makao makuu yake yakaanguka. Admirali alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta, na mama akampigia makofi kwa mikono iliyojaa maganda.

Mke hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake.

Hapo furaha ikamkauka Admirali. Mama huyu amemshindia vita, na malipo yake ni kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumenyewa viazi. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Angalau nimekuona ukishinda kabla sijaondoka," mama akasema.

"Unaondoka kwenda wapi?" Admirali akauliza, akizoa meli zake. "Mke wangu, shika upande huo. Meza inahamia sebuleni. Ikibaki humu, kitanda cha mama hakitaenea."

Mama akaweka kisu chini. Akajifuta mikono, akaja kushika kona ya meza.