Dawa ya Fukusi

Kwa bibi yangu wa Lubunga, neno dawa lilitosha kwa kila kitu. Majani ya lumbalumba aliyotuchemshia tukishikwa na homa yalikuwa dawa. Majani hayo hayo, akiyaanika, akayaponda na pilipili na kuyachanganya na mahindi ya mbegu ili fukusi wasiyatoboe, yalikuwa dawa pia. Niliichukia kazi ile kwa kuwa iliniwasha macho, naye alinicheka: "Lia, lia, na fukusi nao balie!"

Uhuru ulipokuja alikuwa anaponda majani. Uasi ulipokuja alikuwa bado anaponda. Majirani walikimbilia msituni, yeye akakataa kuondoka kabla ya kupanda. Mahindi ya kula yalikuwa yamekwisha, umebaki mtungi mmoja wa mbegu. Huo ukienda, aliniambia, mwaka huu hatuna shamba.

Asubuhi moja waasi watatu waliingia uani, wana njaa kama sisi. Kila mtu alijua masharti yao: walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na dawa hiyo iliharibika wakiguswa na mwanamke. Mmoja wao, mrefu, mwenye kofia ya ngozi, aliunyanyua mtungi wetu, akamgeukia bibi.

"Koko, iko nini mu hii mutungi?"

"Mbegu. Nilitia dawa."

Akasita. "Dawa? Nani alitengeneza?"

"Miye. Na hii mikono yangu."

Aliutua chini polepole kama anayelaza mtoto mchanga, akajifuta viganja kwenye suruali. Nami, mjinga wa miaka minane, nikafungua kinywa kumweleza kwamba ni ya fukusi. Bibi aliniziba mdomo kwa kiganja ambacho asubuhi ile kilikuwa kimeponda pilipili. Midomo iliwaka moto, machozi yakanibubujika.

"Muone, hata mutoto inamuchoma!" yule mrefu akapiga kelele. "Bon, twende, twende!"

Walitoka mbio. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniosha uso, akaniambia kwa kiburi kwamba hakudanganya hata neno moja. Wao ndio hawakuuliza dawa ya nini. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na midomo yangu ikiwa imevimba.

Tukapanda. Mahindi yalipokomaa, mji ulikuwa umeshachukuliwa na askari wa serikali. Ndipo yule mrefu aliporudi, akipitia nyuma ya shamba, peke yake, bila kofia wala bunduki, amebaki mifupa. Niliogopa. Bibi alimtazama kidogo tu, akamchomea mahindi mawili. Aliyashika bila kuyala.

"Koko, ile dawa ingali ndani?"

"Ilikuwa ya fukusi tu, mwanangu. Kula."

Alicheka kweli kweli, nasi tukacheka naye. Halafu akawa anayageuzageuza yale mahindi mkononi.

"Benzangu babili," alisema, "balikuwa na ile dawa ya bunduki. Balikufa bote."

 Bibi alinyoosha mkono, akamshika bega. Safari hii yule mwanamume hakukimbia.