Dakika Tano za Maji

Kuna watu ambao walipoumbwa, mikono yao ilisahauliwa kuwekewa breki. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita alikuwa mmoja wao, na wanafunzi, ambao katika mambo haya hawakosei, walimwita Mwalimu Mikono. Kola iliyopinda haikumpita salama. Akikukuta unamenya viazi, atakunyang'anya kisu. Ukianza sentensi ataimalizia yeye, na mara nyingi atamalizia ambacho hukutaka kusema. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mwenye chumba cha kazi mbele ya nyumba, naye alimpiga marufuku kusogelea meza ya kukatia tangu siku alipojitolea kumsaidia kupunguza suruali ya mteja. Alipunguza mguu mmoja mara mbili.

"Mama watoto," fundi alimwambia siku hiyo, suruali mkononi, "pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Alicheka, akaomba radhi, na kabla hajatoka alikuwa ameshamwaga vifungo vyote kwenye bakuli moja ili viwe nadhifu. Fundi alikuwa amevichambua asubuhi nzima.

Sasa mpe mtu wa namna hiyo timu ya watoto wanne na mashindano ya sayansi. Kila mwaka shule za msingi za eneo lao zilikutana katika ukumbi wa chuo cha ufundi, kila shule na wanafunzi wanne na kifaa kimoja walichotengeneza wenyewe. Mwalimu Mikono alikuwa ameleta vikombe vitatu. Vilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati la kioo, na wageni walivisifu. Yeye hakupenda kuvitazama. Alijua ni nani aliyekata mbao za lile daraja na nani aliyeunganisha nyaya za ile taa, wakati watoto walipokwenda kucheza mpira. Tusimwonee, hakuwa peke yake. Shule moja ilileta winchi iliyochomelewa vizuri mno, na mtoto alipoulizwa imeunganishwaje, alijibu bila wasiwasi, "Baba ndiye anajua."

Jibu hilo ndilo lililoleta daftari. Mwaka huu kila timu ilipewa daftari la kazi lenye kurasa zilizopigwa namba. Mtoto akigusa kifaa, anaandika tarehe, anaandika alichofanya, anatia sahihi. Mlezi wa timu hagusi chochote, na siku yenyewe anakaa nyuma ya kamba. Kifaa kikikutwa kimebadilishwa na daftari halina habari, raundi hiyo ni sifuri.

Kazi iliyotolewa ilikuwa saa ya maji: kifaa kisichotumia umeme, cha kupima dakika tano kamili.

Timu yake ilikuwa na mapacha wawili wa kiume waliobishana hata kuhusu nani ana njaa zaidi, na mvulana mwenye mwandiko mzuri aliyeshika daftari, ambaye wenzake walimwita Karani. Kiongozi wao alikuwa msichana mdogo wa umbo. Walimwita Bibi, kwa kuwa alizungumza taratibu na kushika kiuno kama mtu mwenye wajukuu. Walikata kitako cha chupa ya plastiki, wakaipindua, wakatoboa tundu kwenye kifuniko. Maji yalishuka kwenye chupa ya kioo iliyowekwa chini, na yalipofika kwenye mstari, dakika tano zimetimia. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Wiki ya kwanza zilitimia baada ya dakika mbili.

Bibi ndiye aliyekuwa mwenye tundu. Alitoboa vifuniko kumi na saba. Kila kimoja alikipima mara tatu, na Karani akaandika. Mwalimu Mikono alisimama karibu na dirisha akitafuna kucha. Angeweza kuwaonyesha kwa dakika kumi! Mara mbili alinyoosha mkono, na mara ya pili Bibi aliifunika chupa kwa viganja vyote viwili.

"Mwalimu, tuahidi," alisema.

"Niahidi nini, mwanangu?"

"Kwamba hutagusa. Hata kama tunakosea."

Mapacha waliacha kubishana wakamtazama. Mwalimu akaahidi. Na aliahidi kwa dhati, hilo lazima lisemwe, kwa sababu ilimchoma kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili ameona haja ya kumwomba.

Kifuniko cha kumi na nane kilileta dakika nne na sekunde hamsini na tisa. Mapacha walikumbatiana. Bibi alikaa chini sakafuni akatabasamu peke yake, na siku ile alienda nyumbani akiruka kamba isiyokuwapo.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, watoto waliifunga kazi saa saba, Karani akaandika kwamba Bibi ndiye wa mwisho kugusa, wakaondoka. Mwalimu Mikono alibaki kusahihisha madaftari. Alisahihisha matatu. Akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Je, tundu likiziba kwa vumbi? Waamuzi wakicheka je? Mwalimu mkuu alishasema mbele ya wazazi kwamba kikombe cha nne kina nafasi yake kabatini.

Saa tisa alijaza maji kwenye chupa ya juu, kutazama tu, akabonyeza saa ya simu. Dakika tano zikapita, maji hayajafika kwenye mstari. Yakafika kwa dakika tano na sekunde arobaini.

Kwenye ukosi wake kulikuwa na sindano, mke wa fundi hakosi sindano, na vifungo vya watoto hukatika kila siku. Aliichomoa, akaipitisha kwenye tundu mara moja, akaizungusha kidogo. Akapima tena. Dakika tano na sekunde moja. Akapumua, akakausha chupa kwa kitambaa, akazima taa. Kuandika daftarini hakukumjia hata akilini, au kulimjia akakufukuza. Baadaye yeye mwenyewe hakuweza kusema ni kipi.

Kitu kimoja hakukifanya, yeye ambaye kila asubuhi huwaambia watoto "soma maelekezo kwanza". Hakufungua ukurasa wa kumi na moja wa daftari la kazi. Hapo Karani alikuwa ameandika kwamba chupa ya juu ijazwe mpaka mstari mwekundu, maana maji yakiwa mengi husukumana na kushuka haraka, na kwamba mstari wa bluu, ulio chini yake, ni wa zamani, usifuatwe. Mwalimu Mikono alijaza mpaka wa bluu.

Jumamosi ukumbi ulinuka rangi mpya. Meza kumi na moja, kamba, na nyuma ya kamba walezi kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akijifanya ametulia. Mwamuzi wa meza yao alikuwa mama mfupi mwenye miwani, mhandisi wa maji, asiyetabasamu bure. Pacha mmoja alijaza maji mpaka mstari mwekundu, taratibu, ulimi nje. Bibi akatoa kidole kwenye tundu. Mwamuzi akabonyeza saa.

Mwalimu Mikono aliona kabla ya watoto. Maji yalishuka kwa kasi isiyo yake. Alitazama mstari mwekundu, akatazama wa bluu chini yake, na ndipo akaelewa alichofanya, chote, kwa mara moja.

"Dakika nne na sekunde tatu," alisema mwamuzi.

Mapacha, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wakakubaliana.

"Ulitoboa tena!" walimwambia Bibi. "Umeliharibu wewe!"

"Sikugusa."

"Daftari linasema wewe ndiye wa mwisho!"

Mwamuzi akalifungua daftari, akalisoma, akamgeukia msichana. Hakuwa mkali. "Uligusa tundu baada ya kupima mara ya mwisho, binti? Ukisema ukweli hakuna ubaya."

"Sikugusa," alisema Bibi, lakini sauti ilikuwa imeanza kusitasita. Alikitazama kifuniko, akaitazama mikono yake, na uso wake ukawa wa mtu anayejiuliza kama kweli hakugusa. Labda aligusa akasahau. Labda yale mahesabu yote yalikuwa bahati tu.

Hilo ndilo lililomwinua mwalimu kitini. Sifuri angeweza kuivumilia, na kabati la mwalimu mkuu liende zake. Angeweza pia kukaa kimya, hakuna aliyemwona, na maji yaliyomwagika hayazoleki. Lakini yule mtoto alikuwa anaacha kujiamini pale pale, mbele ya macho yake, kwa kosa la mtu mwingine. Aliruka kamba. Mlezi wa shule ya pili akaguna.

"Mlezi, rudi nyuma ya kamba," alisema mwamuzi.

"Naomba hilo daftari."

"Nimesema rudi."

"Naomba, mama. Kuna mstari haujaandikwa."

Mwamuzi akampa. Mwalimu akaandika: Ijumaa, saa tisa alasiri, nilipitisha sindano kwenye tundu. Nilijaza maji mpaka mstari wa bluu. Sikumwambia mtu. Akatia sahihi. Mwamuzi akasoma, akapiga mstari chini yake, akaandika sifuri kwenye karatasi yake ya alama. Hakusema neno la kumfariji, wala mwalimu hakulitarajia.

Bibi alilivuta daftari akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Rangi ilimrudi usoni. Kisha akainua macho.

"Kwa nini hukutuuliza, Mwalimu?"

"Nilidhani mmekosea."

"Ulidhani hatuwezi."

Angeweza kusema alikuwa na nia njema. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini, ameyatumia miaka mingi, kwa mumewe, kwa dada zake, kwa wanawe walioshaondoka nyumbani na wanaopiga simu mara chache. Safari hii aliyameza.

"Ndiyo," alisema. "Nilidhani hamwezi. Nisameheni."

Bibi alimwomba mwamuzi ruhusa wapime tena bila alama, mpaka mstari wa bluu, wapate kujua. Dakika tano kamili. Karani akaandika. Kwa alama za raundi nyingine wakawa wa tisa kati ya timu kumi na moja, na njiani kurudi watoto walikaa viti vya nyuma wakinong'ona. Mwalimu alikaa mbele, pembeni ya dereva, na hakuna aliyemwita.

Nyumbani alimweleza fundi kila kitu. Fundi hakutoa methali, na hapo ndipo alipojua jambo ni zito. Alisogeza kitambaa pembeni, akamvutia kiti.

Jumapili nzima alizunguka nyumba, akianza kazi na kuziacha. Alikuwa na hakika timu imekwisha. Nani angewalaumu?

Jumatatu baada ya masomo wanne hao walimngoja mlangoni pa darasa, wamejipanga. Bibi alishika daftari kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Tunataka sindano," alisema Bibi. "Za unene mbalimbali, tano. Tunataka kujua tundu likipanuka kidogo, dakika zinapungua ngapi. Si kwa mashindano. Tunataka tu."

Mwalimu alienda mbio kwa fundi, akarudi na sindano tano zilizochomekwa kwenye kipande cha kitambaa. Alitaka kueleza ile ya tatu. Bibi akazipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Mwalimu. Sasa utusubiri nje."

Mlango ukafungwa. Alisimama barazani, peke yake, mgongo ukutani. Akasikia maji yakidondoka, akasikia mapacha wakibishana, akasikia Karani akisoma namba ambayo haikuwezekana kabisa. Walikuwa wamesahau kukausha chupa ya chini, alikuwa na hakika. Neno moja lingetosha. Akaenda mpaka mwisho wa baraza, akarudi, akaenda tena. Robo saa. Nusu saa. Mikono ilimwasha, machozi yakamjia, hakujua ni ya nini.

Mlango ukafunguka kidogo, kichwa cha Bibi kikatokeza.

"Bado, Mwalimu," alisema, na akaufunga tena.