Kanzu ya Mbwa

Shemeji yangu Aflah, mume wa dada yangu Mahbuba, alikuwa mpole ofisini kwake Al Khuwair, mpole msikitini, na mpole zaidi kwa mbwa. Ukali wake wote alituwekea sisi wa nyumbani. Nilikaa nao Ghubra miaka mingi, na ninasema niliyoyaona.

Alifuga mbwa wa Kijerumani, wale wa polisi, na nasaba zao alizijua hadi babu wa saba. Ukimuuliza nasaba ya bibi yake wa Unguja, alikohoa. Dume lake kuu aliliita Radi. Majira ya baridi ya mwaka tisini na nane, Wazungu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos waliandaa mashindano ya mbwa siku ya Ijumaa, na Aflah alijiapiza kwamba Radi atarudi na kikombe. Kazini walikuwa wakimwita Abu Kalb, baba wa mbwa, na kikombe kingewafunga midomo. Miezi mizima hakuzungumza jingine. Dada yangu alimpenda mtu huyu, Mungu anajua kwa nini, na alichotaka ni kutazamwa nusu tu ya alivyotazamwa Radi.

Mate ya mbwa ni najisi, na Mahbuba hakutaka mchezo na tohara ya nyumba yake. Alimpa mumewe sharti: bandani na kanzu yake, ndani na kanzu yake. Ile ya mbwa ilitundikwa uani, kwenye waya uliotenga banda la Radi na banda la mwanawe, Shuja. Aflah akitoka kwa mbwa aliivua, akajiosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo akavuka kizingiti.

Jumatano ile aliletewa mbwa jike aliyekuwa akitaka dume, apandwe na Radi. Alimshikilia muda wote, naye akajisugua kifuani pake. Jike alipoondoka na wenyewe, adhana ya Alasiri ikalia. Aflah akawarudisha mbwa bandani, akaitundika kanzu palepale pa siku zote, akajiosha, akavaa nyeupe, akaenda kusali. Harufu ya jike akaiacha inaning'inia baina ya madume mawili. Mjuzi wa nasaba hakulifikiria hilo. Alifikiria tohara tu.

Shuja aliivuta kanzu upande wake, Radi upande wake. Nguo ikapasuka, waya ukang'oka nguzoni, baba na mwana wakavaana. Shuja alimng'oa baba yake sikio zima. Radi akamkamata koo, akamtikisa mpaka damu ikaruka ukutani na miguu ya mwanawe ikalegea. Shuja alikufa, na Radi akaendelea kumrarua. Mimi nilipiga kelele tu, sikuweza jingine.

Aflah aliingia mbio kutoka msikitini. "Radi! Bas! Bas, baba!" Akamshika mkanda wa shingoni. Radi hakumjua. Aligeuka, akamdaka mkono juu ya kiwiko, na mfupa niliusikia ukivunjika. Akamwangusha, akauachia mkono, akaanza kuitafuta shingo.

Mahbuba alitoka jikoni na mchi wa kinu. Dada yangu, ambaye hajapata kumgusa mbwa hata kwa ncha ya kiatu!

"Niachie mume wangu!"

Pigo la kwanza lilimpata Radi mgongoni, wala hakushtuka. La pili likatua kichwani. Akapiga, akapiga, hata mbwa alipokwisha kuanguka bado anapiga, huku analia, damu na mate ya mbwa vimemjaa mpaka mabegani.

"Basi, dada. Keshakufa," nikamwambia.

Mchi ukamdondoka. Akapiga magoti kwa mumewe, akavua mtandio wake. "Aflah, unatoka damu nyingi. Nipe mkono nikufunge."

Aflah alimsukuma kwa mkono mzima. Akajikokota mpaka kwa Radi, akakipakata kile kichwa kilichopondeka, akalia vile ambavyo hakulia hata tulipomzika mama yake.

"Ungempiga miguu," alisema. "Miguu tu, Mahbuba! Keshokutwa ndiyo mashindano."

Jeraha nililifunga mimi, na nilikaza kwa hasira mpaka akapiga ukelele. Mahbuba alijifuta mikono kwa ule mtandio, taratibu, akaingia ndani kufungasha nguo zake. Nikampazia sauti anifungashie na zangu.