Jiwe Lililolala Majini

Mama mkwe hawashi mashine ya kunolea kabla hajatumbukiza kidole kwenye beseni lake, ahakikishe maji yanagusa jiwe. "Chuma kikipata moto, makali yanakufa," husema, kisha huinamisha kichwa na kusikiliza jiwe likizunguka. Tangu apooze upande mmoja, mkono wa kulia hulala mapajani. Wa kushoto ndio unaonoa, na mkamwana wake humshikia upande wa pili.

Asubuhi ile jiwe lilidunda. Mkamwana akainamisha uso: jana yake alisahau kumwaga maji, jiwe likalala limezama nusu, likanywa upande mmoja mpaka likawa zito.

"Linachechemea kama mimi," mama mkwe akacheka. "Mwaga, tuliache likauke. Halitupwi hilo."

Jioni wakatia maji mapya, jiwe likazunguka kimya. Mkamwana alikuwa amegeuka kutafuta kitambaa wakati mkasi wa fundi cherehani waliokuwa wakiunoa ulipoanza kuelemea pembeni. Alipogeuka tena, mkono wa kulia ulikuwa umetoka mapajani, unatetemeka, umeushika mkasi. Akasimama na kitambaa mkononi, akiutazama.

"Ongeza maji, mwanangu," mama mkwe akasema, macho kwenye makali. "Unashangaa nini?"