Tulisema Malaria

Ndugu zangu, nimekuja kusema jambo la chini ya kitovu, na nitalisema mbele ya wake zenu na wakwe zenu. Anayeona haya aangalie miguu yake, lakini masikio asiyazibe.

Nilikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Nilipofoka, watu walinisikia kupita mashine, na mwili haukuwahi kunisumbua. Kisha kampani ikaanguka. Posho ya unga ikakatika, mishahara ikawa hadithi, tukatoka kwenye nyumba za kambi tukajijengea mtaani Ruashi. Mke wangu akawa anavuka mpaka wa Kipushi kufuata unga Zambia. Nyumbani nilibaki na Béa, mke wa mwanangu.

Ugonjwa ulianza polepole. Nilisimama chooni muda mrefu, mkojo ukitoka kwa matone, na nikirudi kulala haja inarudi. Nilijiambia ni uzee. Nikanywa mizizi, nikaacha kunywa maji jioni, sikumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliumbuka mchana kweupe: mkojo ulikataa kabisa. Tumbo likawa gumu kama ngoma, nikalia kama mtoto, majirani wakanisukuma kwa mkokoteni hadi hospitali.

Daktari mpasuaji aliniingizia sonde, ule mpira wa kutolea mkojo. Mkojo ukatoka na damu, nikambariki yeye na wazazi wake.

"Iko prostate, papa," akasema, yaani tezi dume. "Imevimba, inafunga njia. Tutakupasua, lakini bintu ya kupasulia hatuna. Tungojee."

Kitanda cha jirani alilala Ngoie, fundi wa reli, aliyefika kabla yangu kwa ugonjwa uleule. Wengi wa wanaume wengine mle wodini nao walikuwa na mpira kama sisi. Ngoie alikuwa mcheshi. "Kapita, bidon yako imejaa," aliniambia akionyesha mfuko wangu wa mkojo, "enda uuzishe mafuta!" Tulicheka tukishika matumbo.

Lakini Béa akiingia, kicheko kilikwisha. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawaangaliani hata wakati wa kula, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ananiuguza. Nilificha mfuko wangu chini ya blanketi. Wenzangu nao waliwaficha wakwe zao mifuko yao vilevile.

Asubuhi moja akaja profesa na wanafunzi wake. Mpasuaji wetu alikuwa amemwomba sana aje, kisha yeye mwenyewe akaitwa kwenye upasuaji. Profesa akatueleza kwamba katika shida ile chuo kingeweza kuchunguza ugonjwa mmoja tu wa wanaume, na vifaa vitakavyoombwa vitafuata ugonjwa huo.

"Munganga wenu anasema bapapa wengi banateseka na mukojo," akasema. "Iko kweli?"

Kwetu mkubwa hujibu kwanza, na wadogo hawampingi mbele ya wageni. Mkubwa nilikuwa mimi. Béa alikuwa amesimama pale na bakuli la uji.

"Hapana," nikasema. "Yenye kutumaliza iko malaria. Ile ingine iko kintu kidogo tu."

Ngoie aliniangalia. "Iko sawa vile papa anasema," akajibu. Wodi nzima ikafuata.

Mpasuaji aliporudi alishika kichwa. "Bapapa, munanifanya nini?"

Baadaye vikaja vyandarua na kwinini. Malaria inaua, siidharau. Lakini sisi tulilala ndani ya vyandarua vipya na mipira ya zamani.

Kisha mpasuaji akapata, kwa kuomba huku na huku, dawa ya ganzi na uzi wa kumtosha mtu mmoja. Zamu ilikuwa ya Ngoie. Alikataa.

"Munganga, papa iko mukubwa. Yeye atangulie."

Ilinipasa niseme hapana. Nilitaka kupona, nikatangulia. Nilipasuliwa, nikatoka damu, nikaungua kwa homa, na mpira ulipotolewa nikakojoa mwenyewe kwa nguvu, nikaimba. Ngoie alinipigia makofi kutoka kitandani kwake. Mpira wake ulikuwa umeanza kutoa usaha. Homa ikapanda, na vifaa havikuja. Alikufa akingoja.

Kwenye kilio cha Ngoie, mjane wake aliwaambia waombolezaji kuwa malaria ndiyo iliyomuua bwana wake. Neno langu lilikuwa limefika hadi pale. Nilisimama.

"Mama, hapana malaria. Ngoie amekufa na mukojo, sawa vile miye nilikuwa karibu kufa. Miye ndiye nilidanganya, naye akaniheshimu."

Wazee waligeuza nyuso. Mmoja aliniambia nimemvua marehemu nguo. Nikaondoka peke yangu. Njiani nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu: mwana mkubwa wa Ngoie.

"Papa, na miye vilevile. Inatoka kidogo kidogo, inaniunguza. Nilikuwa naogopa kusema."

Nilimshika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa mpasuaji. Leo anatibiwa.

Wanaume, mkiulizwa, semeni, hata mkwe akiwapo. Na wewe mkubwa unayejibu kwanza, jua kuna wagonjwa nyuma ya neno lako. Namshukuru Mungu, namshukuru mpasuaji, namshukuru Béa, aliyeumwaga mkojo wangu bila kuniaibisha. Ngoie sijui nimshukuru vipi. Yeye alinipa zamu yake. Mimi nilimpa malaria.