Kikombe cha Kwanza cha Jeanne

Saa moja asubuhi, Rungwe Mpya, wilayani Kasulu. Jeanne Ndayikunda (47) anamimina pombe ya ndizi kutoka kwenye dumu, anajaza kikombe cha mteja, kisha anakunywa yeye. Si funda moja. Nusu kikombe!

Mteja, Anaclet, fundi baiskeli, amemkazia macho. Hapokei. Anaongea habari za mvua weee, mpaka ahakikishe mama wa watu bado amesimama imara.

“Ongeza kidogo, Mama Niyongabo,” anasema, akimwita kwa jina la mwanawe.

Jeanne anaongeza funda jingine.

Kwa watu wenye asili ya Burundi kama yeye, anayetengeneza pombe huionja mbele ya mgeni. Ni adabu tu: funda moja, basi. Jeanne amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Siku moja tu hakuonja.

“Nilikuwa nimetoka kung’olewa jino,” anasema, akigusa shavu. “Nani angenywa pombe na kidonda kile?”

Ole wake! Siku hiyohiyo jirani yake, Venanti, alikunywa vikombe viwili, akaanguka njiani akirudi kwake, akafa. Jeanne alilala mahabusu siku tisa. Vipimo vikaonyesha pombe haikuwa na sumu. Daktari akasema ni kiharusi. Aliachiwa na barua yenye mhuri, ambayo ameivisha plastiki na kuitundika juu ya madumu.

Nani anaisoma?

“Wanatazama mdomo wangu,” anasema kwa uchungu. “Barua hainywi pombe.”

Zamani aliuza lita sitini kwa wiki. Sasa hata ishirini ni bahati, na nyingine anazimaliza mwenyewe kwa kuonja.

“Ikifika saa sita kichwa kinazunguka. Halafu wanasema, mwanamke mlevi huyo!”

Kinachomuuma zaidi ni Pelagia, mjane wa Venanti, anayepita hapo kila siku bila salamu. Juzi alisimama. Jumamosi wanamaliza matanga, naye anataka madumu mawili.

“Uyalete mwenyewe,” alimwambia. “Uonje mbele ya ukoo wote.”

Ni msamaha au mtego? Jeanne hajui, na usingizi umempaa. Majirani wanamkataza asiende, lakini ndizi ameshazikamua.

“Nitaonja funda moja, kama zamani. Halafu kikombe nitampa Pelagia mkononi,” anasema. “Akinywa, nimeachiwa. Akisema niongeze, nitajua bado niko mahabusu.”