Tai wa magenge kanilipia kisasi

Leo nimemkomesha Dikson na sijamgusa hata kwa kidole.

Vijana wa kanisa tulitoka mjini kwetu Bladensburg kwenda pikniki kwenye yale magenge ya udongo, kando ya ghuba.
Njiani msituni nikaona ua la okidi la rangi ya waridi, limevimba kama kiatu cha mtoto. Nikamwita mwenzetu Zawadi aje alione.

Dikson, kiongozi wetu, akadakia mbele ya wote:
"Wewe uliyefeli baiolojia mara mbili, utamfundisha nani maua?"

Wakacheka. Zawadi naye akacheka.
Nikaliacha ua, nikashika njia. Na mimi, mnanijua, huwa sisahau.

Tulipofika juu, Dikson akatafuta pa kusimama aombee chakula.
Nikamwambia kwa upole, "Kiongozi, simama chini ya mti ule, pana upepo mzuri."

Juu ya mti ule pana kiota cha tai mla samaki. Chini majani yote meupe kama yamepigwa chokaa. Mwenye macho angeona.

Dikson akashika maombi, pilau inapoa.
Wote wamefumba macho. Mimi nimekodoa yangu yote mawili.
Tai akainua mkia.

Shwaa! Kichwani mpaka begani, shati jeupe la pasi.

"Amina!" Nilipaza sauti kuliko wote.

Akajifuta, wapi! Vipepeo wa njano wakatua begani pake, wananyonya ule uchafu.

Jioni Zawadi akaninong'oneza, "Ulimwona yule ndege ukanyamaza. Mbona hukufumba macho?"
"Na wewe umejuaje sikufumba?"

Akacheka. Safari hii tulicheka wote wawili.

Walio upande wa Dikson, njooni hapa chini kwenye maoni. Njooni na sabuni.